Samaki wa Kilindi na Chumvi ya Bimdogo

Jumamosi, 8 Novemba 2025

Leo amevuliwa samaki ambaye hakuna mtu hapa kisiwani Chula anayemjua, na kabla ya adhuhuri wawili walikuwa wametaka kumla na mmoja kumkata chambo. Hao ndio watu ninaoishi nao!

Huyo wa chambo ni Ami Mzamil, ndugu wa baba. Alikwenda kuvua nje ya mwamba, mkondo ukamsukuma mpaka kwenye kilindi, kule maji yanakogeuka rangi ya wino. Badala ya kurudi kama mtu mwenye akili, akashusha mshipi wote aliokuwa nao. Pima mia na sitini. Anasema alipouvuta alidhani amenasa gunia.

Gunia! Ni kimaira! Nilimjua mara moja. Yumo katika kitabu cha biolojia nilichopewa na Mwalimu Adnani nilipomaliza shule Kismayo, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili, ule ambao Bushra aliumwagia chai. Urefu wake ni mkono wangu mmoja na nusu. Rangi ya kahawa. Hana magamba kabisa. Pua ndefu iliyochongoka, imetangulia kama omo ya mashua. Macho makubwa ya kijani kama vipande vya chupa. Mkia unapungua, unapungua, mpaka unakuwa uzi. Mbele ya pezi la mgongoni, mwiba. Ni wa jamaa ya papa na taa, samaki wasio na mfupa hata mmoja, gegedu tupu, lakini ukoo wake na ukoo wa papa uliachana karibu miaka milioni mia nne iliyopita. Na Ami alikuwa ameshachomoa kisu!

Nilisimama kando ya mashua nikitaka kumweleza yote haya. Kilichonitoka mdomoni ni neno moja. Kitoweo.

Ami alicheka sana. Akasema, haye, chukua mwanangu, lakini mama yako akitapika mimi simo.

Nitaeleza kwa nini samaki huyu ni maisha yangu. Alhamisi anakuja Dkt. Khairat kutoka ule mradi wa samaki wa Kismayo. Asili yake ni kisiwa jirani cha Chovae. Alibebwa mgongoni mwaka 1991 akiwa mchanga, watu walipokimbia vita, akakulia kambini Kenya na baadaye Mombasa, na sasa amerudi. Anatafuta kijana mmoja wa visiwani, mmoja tu, akae mwaka mzima Kismayo kujifunza kuandika habari za samaki. Na namna ya kumchagua ni hii: kila anayetaka nafasi atasimama mbele ya watu na kueleza kiumbe mmoja wa bahari yetu.

Atasimama. Mbele ya watu. Mimi, ambaye nikienda dukani kununua chumvi na nikakuta watu wawili, narudi nyumbani bila chumvi!

Lakini nikiwa na kimaira sihitaji kusema mengi. Nitamweka mezani, watu watamtazama yeye.

Tatizo ni barafu. Siku tano, na kisiwani barafu iko mahali pamoja tu, katika sanduku la Abdulrazaq, mfanyabiashara wa Kismayo anayekuja kununua kamba wakubwa. Kumwomba ni maneno matatu. Nilisimama nyuma ya sanduku lake robo saa nikiyapanga. Nilipokuwa tayari, akaondoka kwenda kuswali.

Basi nikamtia samaki katika mfuko mweusi wa plastiki na kumweka chini kabisa, chini ya kamba wote. Abdulrazaq alisema haondoki hadi Jumanne. Nitamhamisha Jumatatu. Mpango safi.

Jumapili, 9 Novemba

Abdulrazaq ameondoka!

Alfajiri! Na sanduku! Mama anasema alipigiwa simu na mnunuzi wake, akaamua kuwahi. Sasa neno la mtu lina maana gani? Mtu akisema Jumanne, aondoke Jumanne. Sisi wengine tumepanga mambo yetu kwa kumwamini.

Nilikimbia kwenye kifusi nyuma ya msikiti, mahali pekee penye mtandao, kumpigia kaka yangu Idris anayefanya kazi ya kupakua mizigo ufukweni Kismayo. Upepo ulikuwa mwingi, hasikii. Nikalazimika kupaza sauti. Mimi! Nikamwambia kuna samaki wangu katika sanduku la Abdulrazaq, chini ya kamba, mfuko mweusi, amtoe kabla hajauzwa. Akauliza samaki gani. Nikasema kimaira. Akauliza Amira gani.

Nilipogeuka nikamkuta Bushra amekaa juu ya jiwe akituma picha zake. Bushra ni binti wa Ami Mzamil. Tumezaliwa mwezi mmoja, na tangu hapo hajanyamaza. Akauliza, samaki gani huyo? Nikasema hakuna samaki. Akasema, mwenzangu, umepiga kelele samaki mara sita, nimehesabu.

Nikamwambia ni wa masomo. Akatabasamu. Simpendi akitabasamu. Na yeye anataka nafasi ile ya Kismayo, na kwake kusimama mbele ya watu ni kama kunywa maji.

Idris amekubali kunisaidia kwa sharti nimpelekee mkate wa mofa wa nyanya yetu Bimdogo. Ndugu wa tumbo moja, na bado anaweka masharti!

Jumatatu, 10 Novemba

Idris ametuma ujumbe. Samaki amepatikana. Lakini si kwa heshima.

Kijana wa mnunuzi alifungua mfuko, akaruka nyuma huku akiomba kinga kwa Mungu, na kamba wakamwagika chini. Idris alipofika alikuta watu kumi na wawili wamemzunguka samaki wangu juu ya mizani. Kila mmoja alikuwa na jina lake. Mmoja alisema sungura, kwa sababu ya meno. Mwingine ndovu, kwa sababu ya pua. Mmoja akasema ni makosa ya kiwandani. Mwingine akamtomasa mgongoni, mwiba ukamchoma, na kidole kikavimba kama ndizi.

Ningeweza kuwaambia kwamba mwiba una sumu. Hakuna aliyeniuliza!

Na yale si meno ya sungura. Ni vibao. Papa humwaga meno na kuota mengine maisha yake yote, lakini kimaira ana vibao vya kusagia, having'oki, na kwavyo huvunja kaa na makombe ya chini ya matope. Kule chini hakuna mwanga. Hatafuti kwa macho tu. Pua ile ndefu ina vitundu vidogo vinavyohisi umeme mdogo wa kaa aliyejificha. Umeme! Ana kitu hiki usoni, halafu mtu wa Kismayo anamwita ndovu.

Idris amemrudisha kwenye barafu na Abdulrazaq atamleta kesho. Nilimwandikia Idris amwambie Abdulrazaq asimwonyeshe mtu. Nilitilia mkazo.

Alasiri nilifanya mazoezi ya hotuba mbele ya mbuzi. Walisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye gegedu. Hapo mmoja akala karatasi ya pili.

Jumanne, 11 Novemba

Nimedhalilishwa mbele ya kisiwa kizima.

Abdulrazaq hakusubiri hata kutia nanga. Alisimama ndani ya boti akanguruma mpaka ndege wakaruka: abaayo Khamisa! Dada Khamisa! Jini lako nimekuletea! Walikuja wote. Waliokuwa wakifua waliacha nguo zikielea.

Nitasema jambo ambalo si kila mtu atakubali. Desturi yetu ya kitoweo ina kasoro. Samaki akishuka pwani, aliyepo ana fungu lake. Huwezi kumnyima. Ukimnyima, aibu haikupati wewe peke yako, inaingia nyumbani, inakaa, inakunywa chai na nyanya yako. Jirani yetu Zaituni alikuja na sufuria. Sufuria yenye bizari na kitunguu tayari ndani! Akaniuliza kwa upole, mwanangu, mimi unanikatia upande gani, mkia au tumbo?

Watu wakasubiri. Zaituni akasogeza sufuria.

Ndipo nikapata mpango. Nilimsogelea Zaituni na kumnong'oneza kwamba samaki huyu ana sumu. Hii ni kweli kwa mwiba. Sikutaja mwiba. Nilisema samaki. Zaituni akarudi nyuma hatua tatu na sufuria yake, na dakika ileile watu wote wakakumbuka kazi zao.

Nilifurahi kwa muda wa saa moja. Kufikia alasiri habari ilikuwa imezunguka kisiwa na kurudi imenenepa. Sasa ni kwamba nimemleta samaki ambaye ukimtazama machoni unapata homa, na mtu wa Kismayo amekatwa mkono. Kilikuwa kidole! Kilivimba tu!

Kisha akaja Bushra. Hajaogopa homa yoyote. Alimpiga picha kila upande na kumrekodi video huku akimzungumzia kama ni mtoto wake. Akanikumbusha kwamba aliyemvua ni baba yake, kwa mshipi wa baba yake, na kwa hiyo Alhamisi atakayemweleza samaki huyu ni yeye. Akasema, wewe, Khamisa, unaweza kueleza chaza. Chaza hasemi, mtafanana.

Nilikuwa na majibu mengi mazuri. Nilisema "Lakini".

Samaki amelala jikoni kwa nyanya yangu Bimdogo, ndani ya beseni, na barafu aliyobakisha Abdulrazaq, chini ya gunia lililolowa. Sijamwambia Bimdogo ni samaki gani. Bimdogo akiambiwa jambo hutoa maoni, na mimi kwa sasa sihitaji maoni, nahitaji kimya na baridi.

Jumatano, 12 Novemba

Siwezi kuandika. Naandika.

Asubuhi nilikwenda upande wa pili wa kisiwa kurudia hotuba mahali pasipo na mbuzi. Nilimwagiza mama asimruhusu Bushra kuingia jikoni. Nililinda mlango dhidi ya adui. Sikufikiri kwamba adui ana miaka sabini na sita na analala kitanda cha pili kutoka changu.

Mambo yalikwenda hivi, kwa maelezo ya mama. Barafu iliyeyuka. Harufu ikatoka. Wanawake wanne wakiongozwa na Zaituni wakaja mlangoni kusema kwamba sumu ile itupwe baharini kabla haijaingia kisimani. Bimdogo alikuwa hajui habari yoyote ya sumu. Alichosikia ni kwamba nyumba yake inasemwa. Akafunua gunia, akamtazama samaki, akacheka. Mama anasema alicheka! Akawaambia wanawake kwamba yeye ametia chumvi papa mkubwa kuliko waume zao, na huyu hatakuwa wa kwanza kumshinda mchu mzima, ndivyo anavyolitamka neno mtu. Akaomba kisu.

Nilirudi saa sita. Kimaira wangu alikuwa kwenye kamba ya nguo, kati ya kikoi cha baba na mtandio wangu wa shule.

Amepasuliwa! Kuanzia puani mpaka mkiani, amefunguliwa kama kitabu, amekandwa chumvi, ameanikwa. Ng'onda! Jicho moja linatazama bara na jingine linatazama bahari. Kiumbe ambaye ukoo wake umeishi gizani miaka milioni mia nne, na leo anakaushwa pamoja na soksi!

Ini lilikuwa chunguni. Ini la samaki hawa ni kubwa na limejaa mafuta, ndiyo yanayomsaidia kuelea, maana hana kibofu cha hewa. Nilikusudia kulitaja katika hotuba. Bimdogo ameliyeyusha kama ini la papa, na Ami Mzamil ameshapaka mafuta hayo kwenye mbao za mashua. Kiungo cha sayansi kinazuia maji yasiingie kwa Ami.

Na alikuwa jike mwenye mayai. Wanyama hawa hutaga mayai ndani ya vifuko vigumu vya hudhurungi, kama jani refu lililokauka. Alikuwa navyo viwili tumboni. (Hata nilipokuwa nalia nilimshukuru Mungu kwamba ni jike. Dume lina kishikio katika paji la uso, na sijui ningewaeleza wazee kazi yake kwa macho gani.) Bimdogo alivitoa vile vifuko, akavisuuza na kuvitia katika kopo lake la karafuu. Sikumuuliza kwa nini. Nilikuwa nimeghadhibika mno kumuuliza mtu jambo lolote.

Nililia nikiwa nimesimama karibu na jiko. Bimdogo akadhani ni moshi. Akanipa ukingo wa kanga yake nijipanguse, akaniambia nisisumbuke kushukuru, samaki yule alikuwa anakaribia kuharibika.

Alhamisi, 13 Novemba

Dkt. Khairat alifika saa tatu. Ni mfupi, anavaa viatu vya mpira, na anazungumza na kila mtu kama aliyeachana naye jana. Watu walijaa kwenye baraza la shule mpaka wengine wakasimama juani.

Wa kwanza alikuwa Mansur wa Chovae. Alieleza pweza. Alianza vizuri sana, mioyo mitatu, damu ya buluu, kisha akaingia katika namna ya kumlainisha kwa kumpiga juu ya jiwe, kisha nazi, kisha pilipili, na Dkt. Khairat akalazimika kumshukuru kabla hajafika kwenye wali.

Kisha Bushra. Alikuwa amevaa buibui mpya. Aliinua simu kuonyesha video ya samaki wangu na akaanza kusema, na kila alichosema kilikuwa uongo! Kwamba huyu ni mtoto wa papa. Kwamba akikua anafikia urefu wa mashua. Kwamba anaishi kwenye mwamba, hapo hapo, tunapooga. Kwamba pua ni ya kuchomea watu. Watu wakawavuta watoto wao karibu. Bushra akashusha sauti na kusema kuna mtu Kismayo hana mkono.

Mimi nilikuwa nyuma kabisa, na ng'onda wangu ndani ya kanga mapajani. Nilikuwa nimeamua kutosimama. Nilikuwa nimeamua kurudi nyumbani na kuolewa na yeyote atakayekuja. Lakini mtoto wa papa!

Nikasikia mtu amepiga kelele: si papa!

Alikuwa ni mimi.

Niliendelea kwa sababu sikujua namna ya kuacha. Nilisema papa ana matundu ya matamvua matano au zaidi kila upande, huyu ana moja lenye kifuniko. Nilisema utaya wake wa juu umeshikamana na fuvu, wa papa umening'inia. Nilisema haji mwambani, anakaa juu ya matope, mamia ya mita chini, kwenye giza na baridi, na mtu akimwona juu ya maji basi samaki ndiye aliyepata ajali. Nilisema anakula kaa. Kaa! Nilisema mtu wa Kismayo ana mikono yote miwili na vidole kumi. Nadhani nilisema yote kwa pumzi moja, kwa sababu mwishoni niliona nyota. Kisha nikafungua kanga.

Harufu iliwafikia watu kabla ya umbo. Mtu akacheka. Bushra akasema kwa sauti ya kutosha, jamani, ameleta chakula cha mchana.

Dkt. Khairat hakucheka. Alikuja, akapiga magoti mbele ya ng'onda yule, akavaa miwani. Alitazama kichwa kilichopasuliwa, vile vibao vya kusagia, gegedu, mirija inayopita puani, yote wazi kama mchoro. Akauliza nani aliyempasua. Nilifungua mdomo kuomba radhi.

Sauti ikatoka mlangoni. Ni mimi, alisema Bimdogo, na mwenye neno juu ya chumvi yangu aseme sasa hivi, nina ugali motoni.

Dkt. Khairat akasema, Bibi, katika vyuo nilivyosoma sijaona kisu safi kama hiki, hujagusa hata kibao kimoja. Akauliza kwa wasiwasi kama kulikuwa na mayai. Bimdogo akamtuma mtoto nyumbani kuleta kopo la karafuu. Ndani mlikuwa na vifuko vyetu viwili. Na vingine vitatu! Vya zamani, vyeusi, vikavu. Bimdogo akasema cha kwanza alikiokota mwenyewe pwani ya nje, mwaka aliozaliwa baba yangu, baada ya upepo mkali wa kusi. Viwili vilitoka tumboni mwa samaki aliyevuliwa na babake karibu na Burgao.

Huo ukawa ndio mwisho wangu. Bimdogo alieleza kwamba babake aliwavua watatu katika maisha yake yote, daima penye matope na si penye mawe, daima baada ya kusi kutulia, kwa mshipi wa pima mia mbili aliousokota mwenyewe. Alisema samaki huyo walimwita mwana wa kilindi. Alisema akivutwa macho huwaka kwa muda, kisha huzimika. Dkt. Khairat aliandika mpaka kalamu ikaisha wino, akaomba ya Bushra. Ugali ukaungua. Hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na mashindano.

Siku tano! Sanduku la barafu, Kismayo, Idris na mofa yake, mbuzi, sumu, machozi. Na muda wote huo mtu anayejua yote alikuwa anakoroma karibu na mimi! Nilimuuliza Bimdogo, kwa hasira kiasi, kwa nini hakusema. Akanitazama. Akasema, nani aliniuliza?

Jibu hilo nimelifikiria jioni yote na naliona si la haki.

Uamuzi: kabla ya kupanda boti kwenda Burgao, Dkt. Khairat aliniita kando. Alisema nafasi ni yangu, kwa sharti moja. Atarudi Jumapili. Anataka nimpe, kwa maandishi, kila anachokijua Bimdogo kuhusu samaki wa kilindi, kwa sababu kazi hii si kujua vitabu, ni kukaa na watu na kuwauliza. Anataka kuona kwamba naweza kuuliza. Nisipoweza, atamchukua Bushra, ambaye anasema mambo yasiyo ya kweli lakini haoni haya kumuuliza mtu yeyote chochote.

Ijumaa, 14 Novemba

Nina siku mbili tu, na nimejifunza mengi wiki hii. Sitarudia makosa.

Kosa langu kubwa lilikuwa barafu.

Kumwendea Bimdogo moja kwa moja haifai. Ataniuliza kwa nini, nitakwama, atacheka, atanituma dukani. Njia bora ni azungumze mwenyewe. Baada ya swala ya Ijumaa niliweka kifuko kimoja cha yai juu ya mto wake, mahali ambapo lazima akione, nikajificha nyuma ya pazia na daftari. Zaituni alikuja kumtembelea. Bimdogo akakiona kifuko. Akakitazama. Nikashika kalamu. Akakirudisha ndani ya kopo na kumuuliza Zaituni habari za mama mkwe wake.

Nina kurasa saba kuhusu mama mkwe wa Zaituni. Hazina faida kwa sayansi.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimepata mpango ambao hauwezi kushindwa. Nashangaa haukunijia mapema.

Nimeandika maswali ishirini, mazuri, kwa mpangilio, kana kwamba yametoka kwa Dkt. Khairat. Bimdogo hasomi. Kwa hiyo anahitajika mtu wa kumsomea. Mimi siwezi, kwa sababu hapo itakuwa kama namuuliza. Nimempa Bushra.

Alishangaa. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akaniuliza tena, kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake, Khamisa, una hakika kabisa? Nikamwambia nina mambo mengi ya kufanya.

Naandika haya nikiwa nyuma ya pazia. Bushra amekaa kitandani kwa Bimdogo, anauliza swali la tisa. Bimdogo anajibu vizuri ajabu, mambo ya matope, ya mikondo, ya mwezi. Mimi nasikiliza. Bushra naye anaandika, sijui kwa nini, katika daftari jipya lenye jina lake juu. Ni bidii nzuri, ingawa haihitajiki.

Bimdogo amegeukia huku. Sasa anasema, Khamisa, mjukuu wangu, miguu yako naiona chini ya pazia tangu jana. Toka uje uniulize mwenyewe.

Nimevuta miguu ndani. Mpango unakwenda vizuri.